Upinde Hauwekwi Dau: Kujifunza Bao na Bakigamoni kwa Burudani au kwa Fedha

Michezo ya ubaoni ni sehemu ya maisha ya Karatu na Ngorongoro. Bao huchezwa chini ya miti na kwenye vibaraza vya maduka. Drafti huchezwa kwa vizibo vya soda katika vijiwe vya madereva na waendesha bodaboda. Wamaasai wa nyanda za Ngorongoro nao wanao mchezo wao wa mashimo na kete, uitwao enkeshui, ulio wa ukoo mmoja na bao. Kwa anayefanya kazi na watalii, au mwenye simu janja mkononi, upo pia mchezo mgeni: bakigamoni, mchezo wa dadu na kete ambao Waarabu huuita tawla na Waturuki tavla.

Kujifunza michezo hii ni jambo jema. Hunoa akili, hukutanisha watu, na haihitaji gharama. Shida huanza pale swali la kijiweni linapoacha kuwa “nani fundi?” na kuwa “unaweka ngapi?” Makala haya yanaeleza mambo matatu: nini huamua mshindi katika kila mchezo, hesabu hubadilikaje fedha inapoingia, na kitu gani mtu asikiweke dau katu.

Akili, bahati, au vyote viwili?

Kabla ya kujifunza mchezo wowote, uliza kwanza ni nini kinachoamua mshindi.

Bao na drafti huamuliwa na akili. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kete zote ziko wazi mbele ya wachezaji wote wawili, na anayeona mbali zaidi ndiye hushinda. Ndiyo maana mwanafunzi wa bao akikaa mbele ya fundi hushindwa leo, kesho na keshokutwa, mpaka atakapojifunza.

Bakigamoni huchanganya mambo mawili. Kila zamu huanza kwa kurusha dadu mbili, kisha mchezaji huchagua namna bora ya kuzitumia namba alizopata. Dadu ni bahati. Uchaguzi ni ujuzi. Kwa hiyo mwanafunzi aweza kumshinda bingwa mchezo mmoja au miwili, jambo ambalo katika bao ni nadra sana. Ludo na michezo mingi ya karata imo katika kundi hili.

Kundi la tatu ni bahati tupu. Humo zimo bahati nasibu na mashine za sloti, ambazo mitaani huitwa dubwi. Hapa mchezaji hana uamuzi wowote unaoongeza uwezekano wake wa kushinda, hata acheze kwa miaka kumi.

Kuanza na bao

Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64 kwenye ubao wenye mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji humiliki safu mbili. Mchezo kamili una hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kunamua, ambapo kila mchezaji huingiza ubaoni kete zake 22 za akiba, moja moja kila zamu. Hatua ya pili ni mtaji, ambapo kete zote zimekwisha kuingia. Kanuni zake ni nyingi, hasa zile za shimo liitwalo nyumba, na anayeanza hana haja ya kuzikimbilia.

Aanze na bao la kujifunza. Kila shimo huwekwa kete mbili. Mchezaji huchota kete za shimo lake moja na kuzisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia katika shimo lake la safu ya mbele lililokuwa na kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo likiwa na kete pia, huzila kete hizo za mpinzani na kuzisambaza upande wake. Anayeishiwa kete katika safu ya mbele ameshindwa.

Gharama ya somo hili ni ndogo mno. Mashimo huweza kuchimbwa ardhini, na kete zikawa kokoto au komwe. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, na mpaka leo wazee wengi hufurahi kumfundisha kijana anayekaa, kutazama na kuuliza. Ukitaka kufahamu bao, tafuta fundi, mwamkie, na uombe akueleze kila anapokula kete zako kwa nini ameweza kuzila. Michezo ishirini ya namna hiyo itakufaa kuliko mia unayocheza na mwanafunzi mwenzako.

Kuanza na bakigamoni

Ubao wa bakigamoni una pembe 24, na kila mchezaji ana kete 15. Wachezaji husafiri kwa njia zinazopishana, kila mmoja akijitahidi kuzifikisha kete zake zote katika robo yake ya nyumbani na kisha kuzitoa ubaoni. Anayemaliza kuzitoa kwanza ndiye mshindi. Kete mbili au zaidi za mchezaji mmoja zikikaa kwenye pembe moja, mpinzani hawezi kutua hapo. Kete iliyo peke yake haina ulinzi huo. Ikipigwa, hutolewa na kulazimika kuianza safari upya.

Ujuzi wa kwanza wa mchezo huu ni kuhesabu uwezekano. Dadu mbili zina matokeo 36. Tuseme kete yako iko peke yake, na kete ya mpinzani iko pembe moja tu nyuma yake. Atakupiga akipata moja katika dadu yoyote, na hilo hutokea katika matokeo 11 kati ya 36. Akiwa nyuma kwa pembe sita, na njia ikiwa wazi, uwezekano hupanda hadi 17 kati ya 36, kwa sababu sita hupatikana pia kwa kujumlisha, kama vile mbili na nne. Mchezaji anayeijua hesabu hii huziacha kete zake mahali penye hatari ndogo. Asiyeijua hulaumu mkosi.

Ujuzi wa pili ni kukumbuka kwamba dadu haina kumbukumbu. Ukirusha mara kumi bila kupata sita, mrusho wa kumi na moja haukudai sita hiyo. Uwezekano ni uleule. Watu wengi wamepoteza fedha nyingi kwa kuamini kwamba bahati yao “imekaribia”, na imani hiyo haina msingi kwenye dadu, kwenye dubwi, wala kwenye mkeka wa mpira.

Ujuzi wa tatu ni kutojidanganya. Wachezaji wawili walio sawa kabisa wakicheza michezo kumi, uwezekano wa mmoja wao uliyemtaja mapema kushinda saba au zaidi kwa bahati pekee ni takriban moja katika sita. Kwa hiyo ukishinda saba kati ya kumi, bado hujathibitisha kuwa wewe ni fundi. Weka daftari. Andika tarehe, uliyecheza naye na matokeo, uyatazame baada ya michezo mia.

Fedha inapoingia

Katika bakigamoni ya fedha, dau linalotajwa mwanzoni mara nyingi silo dau linalolipwa mwishoni. Mchezo huo hutumia dadu ya ziada yenye namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Mchezaji anayeona ameshika usukani huweza kumtaka mwenzake waongeze dau mara mbili. Mwenzake ana njia mbili: kukataa na kulipa dau lililopo, au kukubali na kuendelea kwa dau lililozidishwa. Akikubali, haki ya kuongeza tena inakuwa mikononi mwake.

Mabingwa hufuata kanuni hii: kubali ikiwa una angalau nafasi moja kati ya nne ya kushinda. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme dau ni Sh 1,000 na hali kama hiyo inakutokea mara nne. Ukikataa zote, unapoteza Sh 4,000. Ukizikubali, ukashinda moja na kushindwa tatu, unapata Sh 2,000 na kupoteza Sh 6,000. Hasara yako ni ileile Sh 4,000. Ikiwa nafasi yako ni ndogo kuliko hapo, kukubali ni kujiumiza.

Hayo si yote. Mshindwa ambaye hajatoa hata kete moja hulipa mara mbili. Ikiwa, pamoja na hilo, kete yake bado imekwama katika robo ya nyumbani ya mshindi au haijarudi ubaoni baada ya kupigwa, hulipa mara tatu. Basi dau la Sh 1,000 lililoongezwa mara mbili hadi kufikia 4,000 laweza kudai Sh 12,000 kwa mchezo mmoja usiozidi nusu saa. Aliyeketi akidhani anahatarisha Sh 1,000 hakujua mchezo aliokuwa akicheza. Ikiwa utacheza, kubalianeni kabla ya mrusho wa kwanza kama dadu ya kuongeza itatumika, na mwisho wake ni namba ipi.

Bao na drafti hazina dadu ya kuongeza, lakini zina hatari nyingine: fundi anayejificha. Atakuacha ushinde mara mbili kwa dau dogo, atalalamika kuwa leo hayuko vizuri, kisha ataomba mpandishe dau “mara ya mwisho”. Katika mchezo wa akili tupu, mtu anayekuzidi atakushinda karibu kila mara. Kumwekea fedha ni kumlipa ada bila kupewa somo.

Mtu wa tatu mezani

Mara nyingi pembeni ya wachezaji wawili yuko mtu wa tatu: mwenye meza, mwenye kibanda au mwenye programu ya simu. Yeye hachezi, bali hukata sehemu ya kila dau. Tuangalie hesabu yake.

Wachezaji wawili walio sawa wanaweka Sh 2,000 kila mmoja. Mwenye meza anakata Sh 400 na mshindi anachukua Sh 3,600. Baada ya michezo kumi, kila mmoja ameshinda mitano. Kila mmoja ametoa Sh 20,000 na kupokea Sh 18,000. Wote wawili wamepoteza Sh 2,000, na mwenye meza amepata Sh 4,000 bila kugusa kete. Katika mpangilio huo, ili mchezaji asipate hasara anahitaji kushinda angalau michezo 56 katika kila 100. Kuwa sawa na wenzako hakutoshi.

Kwenye dubwi, makato hayo yamepangwa ndani ya mashine. Tuseme mashine imepangwa kurudisha, kwa wastani, Sh 90 katika kila Sh 100 zinazochezwa. Mtu huanza na Sh 10,000 na kurudisha mashineni kila anachoshinda. Akizungusha fedha zote mara moja, kwa wastani zimebaki Sh 9,000. Mara ya pili Sh 8,100. Mara ya tatu Sh 7,290. Siku moja moja atashinda, na ushindi huo atausimulia. Lakini kadiri anavyoendelea kucheza ndivyo hesabu inavyomvuta chini. Hakuna mbinu ya kujifunza hapa, na yeyote anayekuuzia mbinu ya kuishinda mashine anakuuzia hewa.

Unapocheza kwa simu

Programu ya bakigamoni au drafti ya fedha huleta maswali ambayo ubao wa kijiweni hauna. Humwoni unayecheza naye, wala huwezi kuishika dadu. Kabla ya kuweka fedha, hakikisha mambo yafuatayo. Je, mwendeshaji anaonyesha leseni yake, na je, umeuliza kwa mamlaka inayotoa leseni kama ni ya kweli? Je, fedha inatumwa kwa kampuni au kwa namba ya mtu binafsi? Je, masharti ya bonasi yanakutaka ucheze fedha hiyo mara ngapi kabla ya kuruhusiwa kuitoa? Mwisho, jaribu kutoa kiasi kidogo kabla ya kuongeza kikubwa. Mwendeshaji anayepokea haraka na kulipa kwa visingizio amekwisha kujieleza. Namba yako ya siri usimpe yeyote, hata ajitambulishe kama mhudumu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyotungwa mwaka 2003, ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Biashara ya michezo ya kubahatisha huhitaji leseni, na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Mzazi akimwona mtoto na sarafu mbele ya dubwi, hilo ni jambo la kutolea taarifa.

Aidha, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huyahesabu makubaliano ya kuwekeana dau kuwa batili. Maana yake kwa watu wawili walioandikiana deni kijiweni ni kwamba karatasi hiyo haitawasaidia. Aliyeshinda asitegemee mahakama imdaie, na aliyeshindwa asikubali kutishwa kwa karatasi ili akabidhi pikipiki au shamba. Anayetishwa aende kituo cha polisi.

Funzo kutoka Eyasi

Watu wa wilaya hii hawahitaji kwenda mbali kutafuta hekima ya jambo hili. Kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, na wanaume wao wana mchezo wa siku nyingi uitwao lukuchuko. Vipande vya magome ya mti hurushwa pamoja vikapiga shina, na upande vinaouangukia ndio huamua mshindi. Ni mchezo wa bahati, na dau lake ni vitu vya thamani, kama mishale yenye vichwa vya chuma na sumu.

Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn, aliyeanza utafiti wake kati yao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliueleza mchezo huo katika makala aliyoyachapisha mwaka 1982. Aliona mambo mawili ambayo kila mlaji anapaswa kuyazingatia. La kwanza, vitu vilivyoshindaniwa viliendelea kuzunguka miongoni mwa watu walewale; aliyekosa leo aliweza kupata kesho, na hakuna mtu wa tatu aliyekata sehemu yake. La pili, viko vitu ambavyo havikuwekwa dau: upinde wa mtu, mishale yake isiyo na sumu, na mfuko wake wa ngozi. Mwindaji aliyepoteza kila kitu mchezoni bado alikuwa na upinde wa kumwezesha kwenda porini kesho yake.

Kila mtu ana upinde wake. Kwa mwendesha bodaboda ni pikipiki na fedha ya mafuta. Kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola ni pampu ya maji na fedha ya mbegu za msimu ujao. Kwa mfugaji ni mtamba anayekaribia kuzaa. Kwa mama lishe ni mtaji wa kesho asubuhi. Kwa mwongoza watalii ni akiba aliyoiweka kati ya Juni na Oktoba, ambayo ndiyo itakayomvusha miezi ya masika wageni wanapopungua. Ada ya shule, kodi ya nyumba na fedha ya matibabu ni upinde wa kila nyumba. Fedha ya mkopo nayo haifai kuwa dau, hasa ile mikopo inayoitwa kausha damu, kwa maana mkopo haungoji ushinde ndipo uanze kudai riba.

Maswali sita kabla ya kuweka dau

1. Mshindi huamuliwa na akili, bahati, au vyote viwili?
2. Je, nimecheza mchezo huu bure kiasi cha kutosha, na daftari langu linasema nini?
3. Ni kiasi gani kikubwa kabisa ninachoweza kudaiwa katika mchezo mmoja?
4. Nani anakata sehemu ya dau, na anakata kiasi gani?
5. Je, mwendeshaji ana leseni, na nikidhulumiwa nitamlalamikia nani?
6. Je, fedha hii ni upinde wangu?

Ukikosa jibu la swali moja, cheza bure. Ukijibu “ndiyo” kwa swali la sita, ondoka mezani. Anayecheza kwa mwendeshaji mwenye leseni na kuona hakutendewa haki atunze tiketi na ujumbe wa malipo, aandike malalamiko kwa mwendeshaji kwanza, na asiporidhika ayapeleke kwa Bodi pamoja na vielelezo hivyo. Na ikiwa umeanza kumficha mwenzi wako kiasi ulichopoteza, au unacheza ili kurudisha cha jana, hiyo ni dalili kwamba mchezo umekwisha kuwa mzigo. Mweleze mtu unayemwamini leo, kabla ya dau jingine.